Vyungu vya Shangazi Elieth

Levina aliiona alama kabla hajakiangalia vizuri chungu chenyewe. Ilikuwa chini kidogo ya mdomo: kucha tatu zilizobonyezwa wima udongo ulipokuwa bado mbichi, na ya nne imelazwa juu yao. Mtu mwingine angedhani ni pambo tu. Levina alikuwa amekunywa maji ya mtungi wenye alama hiyo tangu akiwa mtoto, na alijua kuwa ni mtu mmoja tu aliyewahi kuiweka. Mtu huyo alikuwa shangazi yake, Elieth, ambaye hakuonekana tena kijijini kwao tangu siku nyumba yake ilipochomwa moto, miaka kumi na miwili iliyopita.

Alisimama mbele ya meza.

Lilikuwa banda la turubai kwenye mstari wa tatu, katika maonesho ya kazi za mikono yaliyofanyika uwanja wa mpira mjini Tabora. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, na vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda. Mezani kulikuwa na vyungu na bakuli kama ishirini, vyeusi, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Mitungi mitatu mikubwa ilipangwa chini, kila mmoja umekalia kata ya majani. Levina akageuza bakuli moja. Kucha tatu, na moja imelala. Akageuza lingine. Vyote vilikuwa nayo.

Kama shangazi yake alikuwa hai, hiyo ilikuwa habari ya kumtoa mtu machozi ya furaha. Lakini kaka yake Sixbert alikuwa hatua hamsini nyuma yake, kwenye banda la wafuga nyuki, anaonja asali. Na Sixbert alikuwa amekuja mjini kununua mtungi.

Mkewe Magreth ndiye aliyemwagiza. Alikuwa amechoka na maji ya ndoo ya plastiki, yanayopata joto kufika saa tano na kunuka ndoo. Sixbert alifika kwa Levina jioni ya Ijumaa akitokea kijijini, huko upande wa Urambo, akalala, na asubuhi wakaja pamoja uwanjani kwa sababu Levina alisikia kuwa wafinyanzi wangekuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta.

Na Sixbert aliijua alama ile kama yeye. Baada ya nyumba ya shangazi yao kuungua, alikwenda uani kwa marehemu mama yao, akautoa nje mtungi wa shangazi, akaupasua kwa shoka. Kisha akakusanya vigae vyote akavitupa chooni. Mara mbili au tatu tangu hapo, wanaume wakiwa wanakunywa, alikuwa amesema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku akijua yule mwanamke alipo, atamaliza kazi.

"Karibu dada," alisema mwenye banda. "Shika tu, usiogope."

Alikuwa mwanamke wa makamo ya Levina, miaka kama arobaini hivi, amejifunga ushungi wa rangi ya zambarau. Kwenye kipande cha boksi kilichoning'inizwa juu ya meza paliandikwa jina lake, Najiat, na namba ya simu.

"Asante. Nani anafinyanga hivi?"

"Kuna bibi yuko nyumbani kwetu. Ana mkono, unaona mwenyewe."

"Anaitwaje?"

Najiat alitabasamu. "Dada, unanunua chungu au unanunua jina?"

Levina akatazama nyuma. Sixbert alikuwa bado ameshika kijiti cha asali, anabishana na mfuga nyuki juu ya mizinga.

"Nataka vyote," akasema.

"Vyote vipi?"

"Vya mezani na hiyo mitungi. Viweke chini ya meza sasa hivi, nitakulipa."

Tabasamu la Najiat likapungua. "Haiwezekani, dada. Tumeambiwa bidhaa zisitoke mezani mpaka waamuzi wapite. Chagua kimoja nikuwekee."

"Basi vifunike. Funika hata kwa kanga."

"Nifunike biashara kwenye maonesho?"

"Nakuomba. Kuna mtu anakuja, akiviona itakuwa shida." Akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Aliyevifinyanga anaitwa Elieth. Si ndiyo?"

Uso wa Najiat ukafunga. Aliweka chini kitambaa alichokuwa anafutia bakuli, akakinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Hapa hakuna mtu mwenye jina hilo. Vyungu nafinyanga mimi."

"Umesema kuna bibi nyumbani kwenu."

"Nilikosea kusema. Wewe ni nani?"

Levina hakufikiri. "Mimi ni mtoto wa kaka yake."

Alijua amekosea kabla hajamaliza. Najiat alirudi nyuma hatua moja na kuchukua simu yake mezani.

"Mtoto wa kaka yake," alisema. "Kwa hiyo nyie ndio mliomchomea nyumba. Ondoka hapa kabla sijamwita mgambo."

"Mwite. Nitashukuru ukimwita. Lakini kwanza tugeuze hivi vyungu, alama ielekee kwako."

Akaanza kuvigeuza mwenyewe, kimoja kimoja. Najiat akamdaka kiwiko. Walikuwa wameshikana hivyo, hakuna anayepaza sauti, Levina alipousikia mlio kutoka nyuma ya banda. Nyuma ya Najiat kanga mbili zilitundikwa kwenye kamba kuwa pazia, na huko nyuma mtu alikuwa anasugua udongo kwa kokoto. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, unaokwenda na kurudi, unatua, unakwenda tena. Ndivyo shangazi yake alivyosugua vyungu vyake kivulini mwa ghala, miguu ameinyoosha, na Levina akiwa msichana wa miaka kumi ameketi pembeni akisubiri kupewa kidogo cha kusugua.

Akamtazama Najiat. Najiat akasogea, akaziba pazia kwa mwili wake.

"Usithubutu," alisema.

"Levina, mbona umenikimbia?"

Ilikuwa sauti ya Sixbert. Nyuma ya pazia mlio ukakatika.

Alikuja akiwa mchangamfu, mtu mrefu mwenye mabega ya kazi, chupa ya asali mkononi. Akamsalimu Najiat kwa adabu, akauliza habari za biashara. Najiat akajibu nzuri. Levina alikuwa amesimama mbele ya meza ameikinga kadiri alivyoweza, lakini mitungi ilikuwa chini, wazi, na Sixbert alikuwa ameshaiona.

"Kaka, hii ni ghali," Levina alisema. "Kule mwisho kuna ya kutoka Kigoma, mizuri zaidi. Twende tukaone."

"Ghali kiasi gani?"

Levina alikuwa hajauliza bei. Sixbert akacheka kidogo, akachuchumaa mbele ya mtungi mkubwa, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia vizuri.

"Huu umeiva," akasema. "Magreth ataufurahia."

Akapitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi, akapanda nacho mpaka shingoni, akazunguka mdomo. Levina alikitazama kidole gumba chake. Kilipita mahali pale, kikaendelea mbele kidogo, kikasimama. Kisha kikarudi nyuma polepole na kuanza kuhesabu.

Sixbert aliinuka, akachukua bakuli moja mezani, akaligeuza. Akalirudisha kwa uangalifu, akachukua lingine. Levina angependa angelivunja. Ule upole wake ulimtisha zaidi.

"Nani kafinyanga hivi?"

"Mimi," Najiat alisema.

"Wewe."

"Ndiyo, baba."

"Hebu nione mikono yako."

"Kwani mikono yangu inauzwa?"

Lakini mikono ilikuwa juu ya meza, na Sixbert alikuwa ameshaiona: kucha ndefu, safi, zenye hina. Akageuka kwa dada yake.

"Ulikuwa umeiona hii alama kabla sijafika."

"Ndiyo, kaka."

"Na ukataka kunipeleka kwa watu wa Kigoma."

Sixbert akaweka chupa ya asali mezani, kati ya vyungu na bakuli, akamwambia Najiat kwa sauti ileile ya adabu, "Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi. Mwanamke aliyekupa hivi vyungu aliniulia mtoto. Aliitwa Benjamini. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Niambie tu yuko wapi, mimi nitaondoka."

"Simjui huyo unayemsema."

"Unamjua."

Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye pazia. Chini ya kanga, pale kitambaa kilipoishia shubiri moja juu ya ardhi, palionekana kandambili mbili zimepangwa vizuri, zimekaukiwa udongo mweusi. Pembeni yake bakuli dogo la maji. Sixbert akaanza kuizunguka meza.

Levina alifika kabla yake. Alipita upande wa pili, akamsukuma Najiat, akasimama mgongo umeelekea pazia, mikono ameitanua akishika kamba huku na huku. Nyuma yake, kupitia kitambaa, alihisi mtu. Hakumgusa, lakini alikuwa karibu kiasi kwamba alisikia anavyovuta pumzi fupifupi kupitia mdomo.

"Toka, Levina."

"Benjamini alianza homa siku ya Alhamisi," Levina akasema.

Sixbert akasimama. Pengine ni kwa sababu alitegemea kilio au kuombwa.

"Unasemaje?"

"Alhamisi asubuhi. Wote mnajua kuwa aliugua Ijumaa akafa Ijumaa, ghafla, mtoto mzima. Hakuugua ghafla. Wewe ulikuwa Urambo kwenye soko la tumbaku. Wifi alikuwa anashinda kwenye bani, anakausha tumbaku. Mimi ndiye niliyeachiwa mtoto."

"Hayo ya nini sasa?"

"Ngoja nimalize, kaka. Kisha fanya unachotaka." Sauti yake ilikuwa inapanda, na hakujaribu kuishusha, kwa sababu hakuwa anamwambia kaka yake peke yake. "Alhamisi mchana shangazi alipita kutoka mbugani kwake kuchimba udongo, akamshika mtoto, akaniambia huyu anaungua, mpeleke zahanati. Nikamwambia nitampeleka. Sikumpeleka. Nilikuwa nangoja simu. Walisema majina ya walimu wapya yametoka na watatupigia, na simu ilikuwa haishiki mpaka upande juu ya kichuguu. Nilishinda juu ya kichuguu. Mtoto nilimlaza ndani."

Mama aliyekuwa anauza vikapu banda la pili alikuwa ameacha kusuka. Watu wawili watatu waliokuwa wanapita wakasimama.

"Ijumaa asubuhi shangazi akarudi. Akakuta mtoto ni moto mtupu, na mimi niko nje na simu. Alinigombeza kama hajawahi kunigombeza. Akachemsha maji, akayachanganya yakawa vuguvugu, akamwogesha ili homa ishuke. Akasema mbebe, mimi nitakusindikiza, twende sasa hivi. Nikasema nikishapokea simu. Akaniomba. Nikamwambia mtoto si wako. Akaondoka analia. Saa sita Benjamini akapata degedege."

"Levina."

"Ulipotoka kwa mpiga ramli ukauliza nani wa mwisho kumshika mtoto, nilisema shangazi alimwogesha. Nikaishia hapo. Sikusema kwa nini alimwogesha. Niliogopa, ukishajua, utaniua mimi."

Sixbert alikuwa anamtazama mdomoni, kama kiziwi.

"Mpiga ramli alisema mwanamke mwenye macho mekundu," alisema.

"Miaka arobaini anachoma vyungu kwa kuni, unategemea macho yawe na rangi gani?"

"Unasema haya kumwokoa."

"Kamuulize wifi. Muulize kama alipomnyonyesha Alhamisi jioni mtoto hakuwa na joto."

Hapo kitu kilipita usoni mwa Sixbert. Levina hakukielewa siku ile. Alidhani kaka yake angempiga, na akajiweka tayari, bado ameshika kamba. Kisha Najiat, aliyekuwa amejipenyeza nje bila yeyote kumwona, alirudi na mgambo wawili, akawaambia kwa sauti ya mwenye mali kwamba huyu baba analazimisha kuingia nyuma ya banda lake. Mmoja akamshika Sixbert begani. Sixbert hakubisha. Aliutoa mkono ule kama mtu anayejipangusa vumbi.

"Wewe si ndugu yangu," alimwambia Levina. Akaondoka kati ya mabanda, haraka, bila kugeuka.

Levina aliendelea kusimama vilevile mpaka Najiat alipombandua vidole vyake kwenye kamba, kimoja kimoja.

"Ingia," Najiat alisema. "Amesema uingie."

Nyuma ya pazia palikuwa padogo, mkeka mmoja na ndoo ya udongo. Shangazi Elieth alikuwa ameketi akiegemea nguzo ya banda. Amevaa ushungi kama wanawake wa mjini, na Levina asingemtambua barabarani. Mapajani alikuwa na bakuli lisilochomwa, upande mmoja umesuguliwa na mwingine bado. Ameshika kokoto, lakini alikuwa ameacha kusugua. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko zamani, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufunga utando.

Levina akapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

Huko nje mtangazaji wa maonesho alikuwa anaita kikundi cha ngoma.

"Marahaba," shangazi alisema. "Umenenepa."

"Ndiyo, shangazi."

"Ualimu ulipata?"

Levina akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, akayaacha.

"Mbuga yangu analima nani?"

"Kaka. Analima mpunga."

"Nilijua." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu aliyeulizia treni akaambiwa imeshapita. "Ule udongo haufai mpunga. Lakini Sixbert alikuwa anaitolea macho mbuga ile tangu baba yenu akiwa hai."

"Shangazi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Hukuja. Ulikuja kununua chungu, ukanikuta."

Najiat alikuwa amesimama kwenye pazia, uso nje, masikio ndani. Shangazi akaweka kokoto chini.

"Sikiliza," akasema. "Siku ile nilikuwa mbugani nachimba. Niliuona moshi kwanza, kisha nikawaona wenyewe, mchana kweupe, wanasimama wanatazama nyumba inavyowaka. Nilikuwa nimejificha kwenye matete. Niliwahesabu. Walikuwa tisa. Leo umemwambia mmoja. Nenda kawaambie wale wanane, na waliowatuma, na wake zao. Ukimaliza ndipo urudi na huo msamaha wako tuuzungumze."

"Nitakupata wapi?"

"Hutajua. Ukijua, utaulizwa. Mpe Najiat namba yako."

Levina akaitika. Alipoinuka hakujua afanye nini na mikono yake. Akatoka, akasimama mbele ya meza kama mteja, akachukua chungu cha kupikia mboga, kile cha kwanza alichokiona alipofika. Najiat akamtajia bei. Akamwuliza kama ampunguzie kidogo.

"Asipunguziwe," sauti ya shangazi ikasema nyuma ya pazia. "Muuzie kwa bei ya watu wote."

Levina akalipa. Najiat akakizungushia magazeti, akakifunga kwa kamba ya katani, na chupa ya asali iliyosahauliwa mezani akamwekea juu, akisema hataki kitu cha yule baba hapo kwake.

Wiki iliyofuata Levina hakulala vizuri. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na nyumba yake ilimfanya asimamishe anachofanya. Jumatatu Najiat alipiga simu kusema kwamba bibi ameshahamishwa pale alipokuwa, na wala asiulize ni wapi. Hakuuliza. Alimpigia Sixbert mara nne, simu ikaita mpaka ikakata. Alimpigia Magreth, Magreth akapokea, akasema, "Wifi, siwezi kuongea sasa hivi," akakata.

Jumapili alipanda basi la alfajiri. Kanisa la Moraviani la kijijini kwao lilikuwa limeongezewa vyumba viwili tangu alipoondoka, lakini watu walikaa palepale walipozoea, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kabla ya ibada alikuwa amemwendea mzee wa kanisa, mzee Samweli, akamwomba dakika tano wakati wa matangazo. Mzee aliuliza ni tangazo la nini. Levina akamwambia ni la kifo cha Benjamini na kuchomwa kwa nyumba ya Elieth. Mzee Samweli akatazama viatu vyake. Levina alimkumbuka. Hakuwa mmoja wa wale tisa, lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa.

"Ukisimama," mzee alisema hatimaye, "sitakuzuia. Wala sitakuita."

Kwa hiyo alisimama mwenyewe, baada ya tangazo la michango ya bati. Alizungumza amewaelekea watu, mikono ameshika mgongo wa benchi la mbele. Aliyasema yote kama alivyoyasema uwanjani: Alhamisi, kichuguu, simu, maji ya vuguvugu. Safari hii aliongeza kwamba simu ile ilikuja siku tatu baada ya maziko, na kwamba aliipokea, na kwamba alifurahi. Hakutaja majina ya waliochoma. Wenyewe walijijua. Alisema tu kwamba Elieth aliwaona na aliwahesabu, na kwamba yuko hai.

Wanaume wawili wakainuka wakatoka. Mmoja wao akaubamiza mlango. Bibi kizee mmoja wa mbele alikuwa amejifunika uso kwa kitenge chake, mabega yanacheza. Sixbert alikuwa benchi la nne kando ya dirisha. Hakutoka. Alitazama mbele muda wote, taya limekaza, na Levina alipokaa chini alikuwa bado anatazama palepale ukutani.

Baada ya ibada hakuna aliyemsogelea. Watu walipita pembeni yake uani kama maji yanavyopita jiwe, wengine wanamsalimu kwa macho, wengi hata salamu hiyo hawakuitoa. Akaanza kutembea kuelekea barabarani. Basi la kurudi lingepita saa nane.

"Wifi."

Magreth alikuwa anamfuata, amebeba Biblia na viatu mkononi. Alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho. Akasimama mbele yake.

"Alhamisi ile nilimpigia simu baba Benjamini," alisema. "Jioni, nilipotoka kwenye bani. Nilimwambia mtoto ana joto, rudi na pikipiki tumpeleke. Akasema tumbaku haijapimwa, ningoje Jumamosi. Nikangoja."

Levina akamtazama.

"Alipokuja kusema ni shangazi, nilijua si kweli. Nilijua kabisa. Lakini nilishamzika mtoto, nikaogopa kubaki bila mume pia." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alipotoka mjini wiki iliyopita aliniuliza kama Benjamini alikuwa na joto Alhamisi. Nikamwambia, baba Benjamini, si nilikupigia simu? Tangu hapo haongei. Anakula, anakwenda shamba, anarudi."

"Anataka kumfuata?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia."

Pikipiki ikawashwa nyuma yao. Sixbert alikuja nayo taratibu mpaka karibu nao, akasimama, mguu mmoja chini. Hakumtazama Levina. Hakuonekana kama mtu aliyejuta wala kama mtu aliyekasirika. Alionekana kama mtu ambaye amebeba kitu siku nyingi na hajui pa kukitua.

"Panda twende," alimwambia mkewe.

Magreth hakusogea.

"Magreth, panda."

"Tangulia," Magreth alisema. "Namsindikiza wifi."

Injini ikaendelea kunguruma chini yake. Levina alisubiri neno, au kofi, na aliona Magreth naye anasubiri, vidole vimekaza Biblia. Sixbert akatazama barabara, akatazama kanisa ambako vijana walikuwa wanarudisha mabenchi ndani. Kisha akaondoka, mwendo wa polepole, akapotelea kwenye kona ya bani.

Magreth akavaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine, akiwa ameshika bega la Levina ili asianguke.

"Atakunywa chai?" akauliza walipoanza kutembea. "Shangazi. Nikimtumia asali na karanga, kuna mtu wa kumpelekea huko mjini?"

"Nitauliza," Levina alisema.